Taa za Nyuma Zimehamishwa

9 Februari

Dada mpendwa,

Kwa moyo mzito, na kwa niaba ya Chama cha Wapenzi wa Kobe, wanachama wanaohudhuria vikao na wale wanaotuma udhuru, nachukua nafasi hii kukutangazia rasmi wewe, Mama, na ukoo wetu wote popote ulipo, kwamba taa za nyuma zimehamishwa.

Tafadhali mwambie Mama akae kwanza.

Zamani zilisimama wima, moja huku, moja kule, kama watu wawili wanaolinda mlango. Sasa zimelala. Zimeungana kwa mstari mmoja mwekundu unaotoka ubavu hadi ubavu, kama mkanda wa mtu aliyetoka kula. Picha ilipofika, Mwalimu wa Fizikia alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Hapana." Bonge, yule mwoka mikate, akasema, "Ndiyo!" Hapo kikao kikavunjika kabla ya kufunguliwa.

Shikamoo. Najua salamu ndizo zilitakiwa kutangulia, ila ningeanza nazo ningepasuka. Sisi wazima. Mtoto ameota jino la tatu na anatuuma kwa zamu. Wifi yako anakusalimu sana. Amesema nikuandikie habari zote isipokuwa za gari, kwa hiyo habari za nyumbani zimekwisha. Duka langu la kunakili na kupiga chapa linaenda. Juzi mashine ilimeza cheti cha ndoa cha mteja na kukitoa kimekunjwa kama feni. Mwenyewe akasema mashine imetabiri vizuri.

Sasa nikueleze. Wewe Kobe unalijua, Baba alituachia moja. Gari dogo la familia, magurudumu yote manne yanavuta, halina haraka na halikwami. Basi wenye kiwanda wamelichora upya lote. Uso mpya, mabega mapana, limeinama kidogo mbele kama linataka kukuambia siri. Dada, silali! Nimekata picha nikaibandika juu ya mashine, na wateja wanadhani ni bei.

Gari la Baba linaendeleaje? Hukunijibu mara ya mwisho.

Mdogo wako,
Katibu wa Chama

27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama nilimkalisha kama ulivyoagiza, nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hizo taa zinawaka?" Nikamwambia zinawaka. Akasema, "Basi mwambie apumzike."

Ameuliza pia kama bado tunaandikiana. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri, simu bado. Nilijaribu kutuombea msamaha, kwamba tangu tugombane kwa simu kuhusu kulipaka rangi gari la Baba tumekua sasa. Akanijibu kwamba siku ile alisikia kila neno akiwa chumba cha pili, na mlango umefungwa. Mtu akiandika matusi kwa mkono, anasema, kalamu inamchosha kabla hajafika kwa wazazi. Kwa hiyo mdogo wangu, tuandike tu. Magoti yake hayajambo. Kuku wake mmoja amekataa kutaga na ameanza kuitwa jina lako.

Sasa nisikilize, maana hili si mchezo.

Unajua ushirika wa teksi wa hapa kwetu unatumia Kobe tupu. Viti vyao navivisha mimi tangu nilipofungua karakana. Wiki iliyopita mwenyekiti wao alikuja, akakaa juu ya robota la sponji, akaniambia ushirika unaletewa Kobe mpya, hizo hizo zako. Siku gari la kwanza likifika, fundi atakayelivisha vizuri hapo hapo mbele ya madereva ndiye atakayevisha yote. Atakayekosa, amekosa. Nikamwuliza, "Tuko wangapi?" Akasema, "Wewe na Gundi."

Gundi humfahamu. Tunamwita hivyo kwa sababu hashoni, anabandika. Kava zake zikitoka dukani zinapendeza kuliko zangu. Jua likishapanda, abiria anashuka na kava imemfuata.

Nikikosa kazi hii nafunga, bwana mdogo. Cherehani mbili nimeshazifunika shuka. Nimebaki na mshonaji wangu mkubwa, na naye anaangalia mlango.

Tangazo alilonionyesha mwenyekiti limeandika kwa herufi nene, "VITI VIPYA KABISA". Maana yake karatasi zangu zote za kukatia, nilizozichora kwa miaka, ni za kuwashia moto. Wewe uko kwenye mji wenye duka la magari. Nenda. Chukua tepu. Nipimie kiti cha mbele, urefu na upana, kiegemeo cha kichwa, na kiti cha nyuma chote. Basi. Sitaki rangi. Sitaki taa. Nataka kiti.

Dada yako

15 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika, Mama mpe pole kwa kuku. Mtoto sasa anasimama kwa kushika meza. Wifi yako anasema neno lake la kwanza litakuwa "bampa" na atarudi kwao siku hiyo hiyo.

Dada, kuna mambo!

Chama kimegawanyika. Ugomvi haukuanzia kwenye taa, taa tulishazizika. Umeanzia kwenye breki ya mkono. Wameiondoa! Pale ilipokuwa pana kitufe kidogo tu, kama cha kengele ya mlango. Mwalimu wa Fizikia alisimama katikati ya duka langu, wateja wamejaa, akasema, "Breki ya mkono bila mkono ni kitu gani? Niambieni! Ni breki ya kidole?" Bonge akamjibu, "Mwalimu, wewe gari huna. Kitufe kinakuumiza wapi?" Mwalimu akasema, "Kinaniumiza kwenye kanuni."

Muuguzi, ambaye ndiye mwanachama pekee mwenye Kobe barabarani, akajaribu kusema kwamba la kwake breki ya mkono imekatika tangu zamani na anaegesha kwa jiwe. Hakusikilizwa. Tulikuwa tunaongea mambo ya msingi.

Mwalimu akajiuzulu. Akaunda chama chake, Kobe Halisi. Wana wanachama wawili na wanakutana hapa hapa dukani kwangu, kwenye meza ile ile, kwa sababu meza ni moja. Sisi tukizungumza wao wanageuza viti wakatazama ukuta. Ila picha mpya ikija wanageuka kwanza, wanatazama, ndipo wanageuka tena.

Kisha jina. Bonge anasema kwa umbo hili jipya, pana na la chini, si Kobe tena, ni Kasa. Tumepiga kura. Kobe kura nne, Kasa kura nne, na moja imeandikwa "mkate" kwa sababu Bonge alichanganya na karatasi ya oda.

Na buti, Dada! Wanasema linafunguka ukipitisha mguu chini ya bampa. Tumefanya mazoezi ya mguu, sote, kwa mstari. Bonge ameanguka.

Kuhusu viti: viti! Sina maneno. Vinakumbatia. Mabega yameinuliwa, kiuno kimebanwa, mtu akikaa anaonekana kama ana cheo. Ukiviona utatupa mkasi.

Gari la Baba linaendeleaje?

Katibu

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima. Kuku ametaga yai moja, dogo, na jina lako limerudishwa kwa muda.

Barua yako ina kurasa sita. Nimeisoma mimi, kisha nikampa mshonaji wangu, macho yake ni makali kuliko yangu. Naye hakukiona kiti. Alinisomea ile sehemu ya "vinakumbatia" mara mbili, akauliza, "Hii ni sentimita ngapi?"

Nakuuliza swali moja, na nakuomba usinijibu kwa kurasa. Umeliona hilo gari?

Maana nimekaa nikafikiri. Mtu aliyekaa kwenye kiti hasemi mtu akikaa "anaonekana" kama ana cheo. Anasema nilikaa. Wewe tangu Februari unaona tu, unaona tu. Hujagusa, hujanusa. Mtu mwenye pua kama yako angekaa ndani ya gari jipya angeniandikia harufu ukurasa mzima.

Huku Gundi ameshaanza kutamba. Amepita mbele ya karakana yangu na tepu shingoni kama daktari. Ananiita "shangazi". Jana asubuhi nilipokuwa narudi kumshusha abiria stendi nikamkuta amesimama na mwenyekiti wa ushirika, wanacheka, mkono begani. Nikapiga honi. Mwenyekiti akaniamkia, Gundi akajifanya anapima hewa.

Madereva wenyewe wamechanganyikiwa kuliko chama chenu. Kila kijiwe ni Kobe mpya tu. Mmoja ameanza kunyoa ndevu ili afanane nalo. Wanasema gari litafika mwishoni mwa Mei.

Kiti, mdogo wangu.

Dada yako

21 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma ile sentensi yako mara nyingi, nikatoka nje, nikarudi, bado ipo. "Kumshusha abiria stendi." Abiria gani? Kwa gari gani? Dada, usiniambie gari la Baba ni teksi! Gari ambalo Baba alikuwa anavua viatu kabla ya kupanda! Kwa hiyo miezi yote hii nauliza linaendeleaje, jibu lilikuwa "linaendelea stendi"?

Nimeacha nafasi hapa ili nipoe, kwa ajili ya Mama.

Nimepoa. Abiria wanasemaje juu yake?

Na mimi kwa upande wangu nakiri: nilikuwa nimeliona kwa picha. Sote. Chama kizima, na kile cha Halisi pia. Ugomvi wote wa breki, kura zote, mguu wa buti, ni picha. Duka la magari lilikuwa limeweka kitu kirefu chini ya turubai na tulikuwa tunakwenda Jumamosi kutazama turubai. Nilikuwa naona aibu kukuandikia kwamba katibu hajui lolote.

Lakini sasa, Dada! Turubai limetolewa!

Tulikwenda wote, Halisi wakiwa nyuma yetu hatua chache ili ijulikane hawako nasi. Bonge alivaa tai kwa mara ya kwanza tangu harusi yake. Nilikuwa na tepu mfukoni, nakuapia. Mlinzi akanipapasa mlangoni akaitoa. "Hii ya nini?" "Ya kupimia." "Humu hakuna kupima. Mnakwaruza." Akaiweka kwenye droo pamoja na mkate wa Bonge.

Nikaingia mikono mitupu. Dada, lile gari. Nilifika nikasahau nilichofuata. Mlango ukiufunga husikii "pa", unasikia "mpf", kama mtu anayemeza cheko. Harufu ni ya kitambaa kipya na kitu kama maganda ya chungwa. Nilikaa. Naandika tena: nilikaa. Na Mwalimu wa Fizikia, mwenyekiti wa Kobe Halisi, adui wa kitufe, alikaa upande wa dereva, akakibonyeza kile kitufe, kikalia "tik". Akakibonyeza tena. Tik. Akanigeukia, macho yamelowa, akasema, "Katibu, chozi hili lisiandikwe kwenye kumbukumbu za kikao."

Muuzaji akaanza kutufukuza. Hapo nikakumbuka karakana yako. Tepu hakuna, uzi hakuna. Basi nikafanya kama Baba alivyokuwa akipima mbao akisahau rula: shibiri, toka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Mwalimu alimshika muuzaji kwa maswali ya injini mpaka jamaa akaomba maji, sisi huku tunatembeza vidole juu ya viti kama buibui. Vipimo niliviandika kabla sijatoka mlangoni.

Kiti cha mbele, mgongo: shibiri tatu na vidole viwili kwenda juu. Upana shibiri mbili na nusu. Kukalia, hivyo hivyo mbili na nusu. Kiegemeo cha kichwa, upana shibiri moja na nusu. Kiti cha nyuma, upana shibiri tano kasoro kidole, mgongo wake shibiri mbili na nusu.

Haya. Kiti hicho. Kikumbatie.

Mdogo wako aliyekaa

5 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na Mungu akuzidishie vidole. Mama amesema nikuandikie kwamba amefurahi, ingawa hajui kwa nini. Aliniona naruka, akaruka moyoni kwa sababu ya magoti.

Ndiyo, gari la Baba ni teksi. Natoka nalo alfajiri, nawapeleka watu stendi na hospitali, narudi kufungua karakana. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungeandika "gari ambalo Baba alikuwa anavua viatu". Baba alivua viatu kwa sababu vilikuwa vinabana. Abiria wanalipenda. Kuna bibi mmoja hapandi jingine, anasema hili linamsikiliza.

Vipimo nimevipokea kama dawa. Mkono wako ni huu huu wangu. Tangu tukiwa watoto watu walikuwa wakituambia tumegawana mikono ya Baba. Nikaweka shibiri yangu juu ya tepu, nikapata hesabu, nikakata. Nimetumia leksini nzuri, ile ngozi ya bandia, ya rangi ya kahawa, yote iliyokuwepo, hakuna robota jingine. Mshonaji wangu ameondoa shuka kwenye cherehani moja na kumwita mwenzake arudi. Sauti ya karakana imerudi, mdogo wangu. Nilikuwa nimesahau jinsi inavyopiga kelele.

Kitu kimoja kimenishangaza. Kiti cha nyuma kimekuwa kifupi mno. Abiria watatu watakaa kwa zamu. Mshonaji anasema labda huko kinakotengenezwa watu wamekonda. Na kiegemeo kimekuwa kikubwa kama mto wa kulalia. Nikasema haya ndiyo mambo ya kuchora upya.

Nimemwona Gundi akimwuliza dereva mmoja kama kiti cha nyuma "kinaingia watu wangapi". Hajui kitu! Nimelala vizuri.

Dada yako

6 Mei

Dada, USIKATE!

Shikamoo. Naandika nimesimama, nikimbize barua basi la mchana. Leo Bonge amekuja kunakili bei za mikate, akaweka mkono juu ya kioo cha mashine, mkono ukatoka kwenye karatasi. Dada, mkono wa Bonge hauenei kwenye karatasi! Vidole vimekatika pembeni. Nikautazama huo mkono, nikakumbuka.

Kiti cha mbele nilipima mimi. Lakini cha nyuma alipima Bonge, maana yeye ndiye aliyekuwa nyuma. Na kiegemeo alipima Muuguzi, ambaye mkono wake ni wa mtoto, sindano ndiyo inaonekana ndefu. Mimi niliandika "shibiri", "shibiri", kama vile zote ni za mtu mmoja.

Nimekwenda dukani tena. Gari limeshauzwa. Turubai limerudishwa na chini yake hakuna kitu, ila kuna watu wawili wa Halisi walikuwa wanalitazama.

Usikate. Nakuomba. Mama asisomewe hii.

Mdogo wako

30 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ya kusimama ilifika kava zikiwa zimeshapigwa pindo. Niliisoma, nikaikunja, nikaketi juu ya robota la sponji ambako mwenyekiti wa ushirika huwa anaketi. Leksini ya kukata upya haikuwepo. Mshonaji wangu akaniuliza kuna nini. Nikamwambia, "Mdogo wangu ana rafiki mwenye mikono." Akasema, "Sasa?" Nilitaka kuvunja amri ya simu siku hiyo, nikamwona Mama yupo mlangoni ananitazama tu.

Basi nikuelezee siku yenyewe, maana najua hulali.

Gari lilifika saa nne asubuhi. Ungekuwepo ungezimia. Madereva wote waliegesha, stendi ikabaki na abiria tu wanashangaa. Lilipoingia uwanja wa ushirika watu walirudi kwanza hatua moja nyuma. Kisha mmoja akapiga kelele, "Taaaa!" na hapo hapakukalika. Wazee wazima walipitisha miguu chini ya bampa. Lilifunguka! Wakalifunga, likafunguka tena, mpaka mwenyekiti akasimama mbele ya buti na fimbo. Nakuambia ukweli, na mimi moyo ulinipiga. Ni zuri, mdogo wangu. Nililizunguka nikajikuta nalisemesha.

Kisha mwenyekiti akapiga makofi. "Mafundi!"

Gundi alitangulia. Alikuja na mkoba na kopo lake la gundi. Kava zake ni nyeusi, zinang'aa, zimebandikwa kitambaa cha fedha pembeni. Watu wakasema "eeeh". Alipoanza kuvisha, kumbe na yeye alikuwa amekisia kwa picha ya tangazo. Kiti cha mbele kikaingia nusu. Akavuta. Gundi ya kopo ilikuwa haijakauka vizuri, na kwa jua lile kiganja kikashika kava, kava ikashika kiti, na jamaa akabaki ameinama mlangoni ameshikana na gari, anasema, "Dakika moja, dakika moja." Dereva mmoja akamwuliza kama anataka apelekwe mahali hivyo hivyo.

Nikaja mimi. Viti vya mbele nilianza navyo, vile ulivyopima wewe. Mdogo wangu, viliingia! Viliingia kama soksi. Sikuamini, nikapiga ngumi kidogo kwenye mshono, ukakaa. Watu wakapiga makofi, mwenyekiti akatabasamu, na Mama, ambaye alikuwa amekuja akaketi chini ya kivuli cha ukuta na kuku wake, sijui kwa nini, akanyanyua mkono.

Nikaweka kiegemeo. Kikavaa gunia. Watu wakacheka kidogo, kwa adabu.

Nikafika nyuma. Hapo sina la kujitetea. Ile kava ilikaa kwenye kiti cha nyuma kama shati la mtoto kwenye mwili wa polisi. Nilivuta kushoto, kulia kukawa wazi. Nikavuta kulia. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Fundi, nusu nyingine unaleta kesho?" Kicheko kilichotoka pale, nadhani ulikisikia.

Mwenyekiti alikuja karibu, akaniambia polepole, "Fundi, mbele umenifurahisha. Nyuma umenitia aibu. Nakupa mpaka saa kumi. Ukikamilisha kabla sijafunga ofisi, kazi ni yako. Ukishindwa, natafuta fundi mji mwingine." Kumbuka leksini sina.

Nikatoa tepu. Nikapanda nyuma ya lile gari, nikakipima kiti mwenyewe, huku nikimtajia namba mshonaji wangu aandike. Upana. Urefu wa mgongo. Kina cha kukalia. Kona. Nageuka, ameshusha kalamu.

"Mbona huandiki?"

"Nimeacha."

"Umeacha nini, muda unakwenda!"

"Dada, zirudie."

Nikazirudia. Kisha akatimua mbio kuelekea karakana na viatu mkononi, mimi namfokea, watu wanashangilia bila kujua wanashangilia nini. Alirudi amebeba kava ya kiti cha nyuma na viegemeo viwili. Tulivishona mwaka jana kwa dereva mmoja, Kobe la zamani, akahama bila kuja kuvichukua, vikabaki juu ya kabati vikikusanya vumbi. Tulishika yeye huku, mimi kule, tukavisha.

Kazi tumepata. Magari yote. Cherehani zote zimefunuliwa na Mama amesema unaweza kupiga simu Jumapili, dakika chache, yeye akiwa amekaa hapo hapo. Mpe Bonge shukrani zangu, na umwambie siku nyingine asiguse kitu.

Nimepima tena asubuhi hii, gari likiwa limetulia na watu hawapo, mbele na nyuma, nikalinganisha na karatasi zangu za zamani moja baada ya nyingine.

Viti havikubadilishwa. Ni vilevile, walibadilisha kitambaa tu.

Dada yako